Kabati Limelazwa Chali

Kabati la baba tumelilaza chali.
Miaka arobaini lilisimama ukutani, hapa Maribor,
limebeba ratiba za treni za stesheni aliyoisimamia;
sasa linatazama dari, mdomo wazi,
kama abiria aliyepitiwa na usingizi, kituo chake kikampita.

Ratiba nimezipeleka darini. Moja nimeibakiza,
ya mwaka niliozaliwa, nimeisukumiza chini ya ubavu wake
kwa kuwa sakafu yetu ina mteremko.

Bogdan ameshika msumeno. Kati ya rafu na rafu anakata
vijilango vya upana wa kiganja.
"Yote haya," anasema, "kwa mnyama asiyezidi ndimu?"
Kwa mgongo wa ndimu hiyo, namjibu,
ambao ukipinda sasa haunyooki tena.

Nilikosea mara mbili.
Kwanza nilinunua sanduku la kioo. Nikalirudisha:
kobe hajui kioo. Akiona njia ataifuata,
atagonga, atagonga tena, kutwa nzima,
akidhani kosa ni la miguu yake.
Kisha nikaleta maranda ya msonobari, yananukia,
na Bibi Zofka wa ghorofa ya tatu, mwenye kobe wazazi,
akayanusa, akasema "Hapana,"
akanitia mkononi tofali la makumbi ya nazi.

Nililiweka ndooni, maji vuguvugu.
Usiku kucha likavimba, likafura, likafurika;
asubuhi ndoo imevaa kofia ya udongo mwekundu.
Nje theluji imefika kwenye usukani wa baiskeli,
nami, mikono hadi viwiko, nakanda
pwani nisiyoijua.

Kisahani cha chungu cha maua ndicho ziwa,
kina chake kisipite kidevu.
Nusu ya chungu chenyewe, kilichovunjika wakati wa kuhama, ndiyo pango.
Mfupa wa ngisi wa kung'ata. Bamba la jiwe chini ya taa.
Dirishani, ndani ya kopo la rangi, mchunga umechipua
majani matano, na ninayahesabu kila siku.

Siku tatu nimewasha taa katika nyumba isiyo na mtu.
Mwisho huu, nyuzi thelathini na tano. Mwisho ule, ishirini na mbili.
Kila saa naandika kwenye karatasi,
na Bogdan anasema mwandiko ni wa baba:
sifuri zimefungwa vizuri, hazivuji.
Yeye naye alipima kile ambacho hakijafika.
Alisimama jukwaani, saa kiganjani, treni bado iko milimani,
na mimi utotoni nilidhani anazipenda kuliko sisi.
Labda. Sijui.
Leo nimeamka saa tisa usiku kutazama kipimajoto.

Jumamosi Bibi Zofka akashuka ngazi,
kikasha cha majani ya chai kifuani, ndani ya koti.
Gramu ishirini na sita, ikasema mizani ya unga.
Juzi tu ametoka katika nyumba isiyo na mlango;
sasa katua katika nyumba ya milango mitatu,
na mgongoni kabeba nyingine, isiyodai ufunguo.

Hakulitazama jiwe la joto. Hakuuonja mchunga.
Ziwa alilikanyaga, akalichafua, akapita.
Akavuka vijilango vyote bila kugeuza shingo
hadi kona ya mbali, penye kivuli,
ambapo baba alibandika kikaratasi: *Treni zilizofutwa.*
Hapo akachimba. Mikono kwanza, kisha kichwa,
kisha udongo ukamfunika, ukatulia.

Tukasimama, watu wazima watatu,
tukitazama mahali pasipo na kitu.
"Amepapenda," akasema Bibi Zofka.

Saa mbili kamili usiku nikazima taa,
na chini ya nyuzi zote, kwa sifuri zilizofungwa,
nikaandika saa, nikaandika: *Amefika.*