Vijitabu Viwili

Jumatatu, tukiwa tumeshindwa, sipiti buchani kwa Ziemowit.
Timu yake ni ya ng'ambo ya mto.
Nyama hunipimia kwa haki,
maneno hunizidishia.
Heri maharage.

Tukishinda, skafu haifuliwi.
Inaning'inia mlangoni na vumbi lake la kijivu,
na Jagna, binti yangu, akipita huziba pua:
"Mama, harufu."
Ndiyo, harufu.
Hamsini na moja kwa thelathini na tisa ina harufu yake.

Kuanzia Jumatano natazama mbingu, wala si kwa ibada.
Mvua ikinyesha Jumapili pikipiki hazitoki,
njia inageuka uji,
na wiki niliyoibeba kama trei ya mayai
inaniponyoka mlangoni kwangu.

Mpwa wangu aliolewa Jumapili ya mbio.
Nilikwenda. Keki nilikula.
Ila kanisani nilikuwa na redio chini ya kofia,
na padri alipouliza, "Je, unakubali?"
nikamtangulia bibi harusi: "Ndiyo!"
kwa kuwa Gniewko wetu
alikuwa amempita mtu kwa nje, kona ya mwisho.

Huku kaskazini mwa Polandi minazi haioti.
Mimi ni mnazi.

Uwanja wetu ni mdogo, mabenchi yanachoma matako Julai.
Pikipiki nne, breki hakuna hata moja.
Mizunguko minne, kushoto, kushoto tena,
dakika moja kasoro roho,
halafu kimya,
na watu elfu tatu wanainamisha vichwa kama darasa la mtihani
waandike kijitabuni:
tatu, mbili, moja, sufuri.

Kiti changu ni cha kumi na nane.
Cha kumi na tisa ni cha mzee mmoja, mwaka wa ishirini na mbili sasa.
Siku ya kwanza nilikuja bila kalamu, akaniazima.
Tangu hapo yeye huja na kalamu mbili
na mimi huja mikono mitupu.

Najua yai lake la kuchemsha, raundi ya saba, kamwe si ya sita.
Najua tusi lake. Analo moja tu,
la refa na la mvua.
Najua sufuri huiandika ndogo, pembeni,
kana kwamba kijana mwenyewe asije akaiona.
Jina lake silijui.

Mei, kiti kikawa wazi.
Niliandika matokeo kwa wanja.

Jumapili ya pili, wazi.
Nikamwuliza mkata tiketi langoni.
"Jina lake nani?"
Nikasema: "Kumi na tisa."
Alinitazama. Nyuma yangu foleni ilinung'unika.

Basi nikanunua vijitabu viwili.
Changu nilikijaza kwa pupa, mistari ikipanda na kushuka.
Chake nilikijaza baadaye, jikoni, taratibu,
sufuri ndogo, pembeni.
Tukashindwa. Tukashindwa tena.
Ikanyesha. Tukashinda kwa pointi mbili,
na skafu sikuifurahia ipasavyo.

Julai akaja na mkongojo, nyonga mpya,
akaketi polepole kama mtu anayeingia maji baridi.
Hakueleza. Sikuuliza.
Nikamwekea magotini vijitabu vyake vyote,
hata kile cha siku ya mvua, kurasa tupu,
nilikoandika neno moja: mvua.

Akavaa miwani.
Kidole kikatembea raundi kwa raundi,
kikifika penye sufuri kinasimama kidogo.

"Hapa, ya kumi na moja. Gniewko alianguka?"
"Alisukumwa."

Akatoa lile tusi lake.
Kisha akapapasa mfuko wa koti,
akanipa kalamu.

Utepe wa kuanzia ukaruka juu.