Marudio

Jumamosi ile nilikwenda Tononoka kwa miguu yangu
mara ya kwanza tangu Nyale afungue banda lake la mpira,
skrini mbili, mabenchi sita, hamsini mlangoni,
na feni moja inayomtazama Nyale peke yake.
Mpwa wangu Msellem alikuwa anacheza. Dada alinishika mkono:
"Safari hii nenda, japo dakika kumi."

Nikakaa juu ya tofali.
Kilichonishangaza kwanza ni udogo wa watu.
Kule bandani uso wa mchezaji ni mpana kama sinia,
jasho lake twalihesabu tone kwa tone.
Hapa wako ishirini na wawili, wote urefu wa kidole gumba,
na hakuna wa kunambia nimtazame nani.

Nikatafuta saa, juu kushoto, penye dakika na mabao.
Palikuwa na mwarobaini na kunguru.
Nikaitafuta ile sauti inayojua kabla yangu
kwamba huyu ana hatari, kwamba yule kachoka.
Nikasikia badala yake, "Chengo! Chengo, nyuma!"
mara kumi, mara ishirini, mpaka koo likakauka.
Sikujua kwamba wao husema.
Miaka kumi na moja nimewatazama mabubu.

Mama wa viazi karai akapita.
Nikageuka kidogo tu, ukwaju na pilipili,
nikasikia uwanja mzima ukipumua pamoja.
Nilipotazama, mpira ulikuwa ushapita milingotini
(nyavu ziliibwa Ramadhani)
umeingia chini ya tuktuk barabarani,
na Msellem anakimbia, jezi imemfunika kichwa.

Nikasubiri.
Wallahi nilisubiri,
kiazi mkononi, kinywa wazi,
nikingoja arudi pale alipokuwa, polepole,
nimwone kwanza kutoka nyuma ya goli,
halafu kutoka juu, halafu kiatu peke yake.
Mpira ulirudi kweli. Mtoto aliubeba kwapani
akautupa ndani. Wakauweka kati,
wakaendelea.

Nyumbani sikusema kitu.
Mwanakhamisi alikuwa na tamthilia yake ya saa moja,
yule bibi wa Kituruki mwenye mume wawili,
na vinanda vilipoanza, akatoa leso.
Hulia kwa wakati, mke wangu, hajawahi kuchelewa.
Bali Rajabu iliyopita, alipofiwa na nduguye,
alikaa mkekani siku tatu macho makavu,
watu wakinong'ona. Usiku wa nne akanambia gizani,
"Sikujua pa kuanzia. Palikuwa kimya mno."

Nami nilimcheka, moyoni, kidogo.
Sasa nilimtazama vingine.

Isha imeshaswaliwa, Msellem akaja, goti limechubuka.
"Mjomba, uliona?"
"Niliona."
"Bao la mguu upi?"
"Wa kushoto," nikasema, maana ndiko anakochezea.
Akainama kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa hakina kamba.
"La kichwa, mjomba."

Bandani kwa Nyale usiku ule
bao la kijana mmoja wa ng'ambo lilirudiwa mara saba.
Mara ya tatu nilijua mshono wa soksi yake.
Mara ya tano nilijua jino lake lililopinda.
Watu wakapiga meza. Mimi nikatoka kabla ya mapumziko,
Nyale akaniuliza kama naumwa.

Nilimkuta kichochoroni, amekaa barazani kwa Bi Zuhura.
Nikaokota ndimu iliyodondoka kapuni mwa mtu.
"Hebu nionyeshe."
"Hapa?"
"Hapa hapa."
Nikairusha, vibaya, mbali naye,
akaruka akaifuata, shingo imekaza kama kamba ya kisima,
ndimu ikagonga mlango, po!
Bi Zuhura akatukana ukoo wetu mpaka babu wa tatu.

Nikaiokota. Ilikuwa imepasuka, vidole vikaniwasha.
"Polepole," nikamwambia. "Tena."