Mita Mia Nane

Saa kumi na mbili asubuhi Jaukala Budha
anafuta kioo kwa ncha ya shali
na kuzitafuta alama zake tatu:
msonobari uliopigwa radi, mita mia nane;
bati jekundu la shule, kilomita mbili;
daraja la kamba, tano.
Leo daraja halipo. Shule haipo.
Msonobari upo, haupo, upo,
kama mdaiwa anayechungulia mlangoni.

Hii ni Humla, mwezi wa Saun.
Barabara imezolewa na maporomoko tangu wiki jana,
umebaki ukanda huu wa lami
mfupi kama sala ya mwenye njaa:
mwanzo wake korongo, mwisho wake mwamba.

Monsuni haiji hapa kwa hasira.
Hupanda bonde taratibu, kama mgeni mwenye mizigo,
hutua furushi moja, hutua la pili,
na kabla hujasema karibu
imejaza nyumba.
Nyuma ya kila wingu kuna mlima,
na mlima hauna taa, hauna honi,
hausogei kumpisha mtu.

Redio inakoroma. Ni Kapteni Thapaliya,
viti kumi na sita, dakika kumi na mbili kutoka hapa,
huko juu kwenye jua.
"Dada, nipe hali."
Jaukala anaijua sauti hiyo.
Haiombi namba yoyote tu.
Inaomba elfu tano.

Kiti cha nne amekaa Kalbir, mwana wa pekee
wa Dhanrup mwenye duka la chumvi.
Mama yake amelazwa kando ya mto tangu jana,
kuni zimefunikwa nailoni,
zinamngoja yeye aje awashe.
Na Dhanrup huyu hapa, mlangoni pa mnara,
maji yanamchuruzika hadi kwenye viatu.
Hasemi kitu.
Amekuja na mwavuli wa mwanawe, hajaufungua.

Msonobari upo.
Jaukala anahesabu: moja, mbili, tatu.
Haupo.

Ulimi hauna mfupa, walisema;
wake asubuhi hii una jiwe.
"Mwonekano mita mia nane, unapungua.
Mawingu yamefunika kilima.
Upepo wa nyuma. Lami ina dimbwi."
Kimya.
"Nimepokea. Narudi Nepalgunj."

Walisikia ngurumo, ndege hawakuiona,
ngurumo iliyogeuka juu ya vichwa vyao
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Jaukala alipogeuka naye, mlango ulikuwa wazi,
sakafuni alama mbili za maji.

Jioni moto aliwasha binamu.
Kuni mbichi, moshi mwingi,
na moshi nao haukupanda, ulilala bondeni
ukaungana na wingu, hata haikujulikana
kipi ni mvua, kipi ni yule mama.

Siku ya tano jua likatoka bila haya.
Kalbir akashuka ngazi za ndege, kichwa kimenyolewa,
miguu yake miwili, mikono yake miwili,
akampita Jaukala bila salamu.

Daftari la tarehe ile linasema:
*mita 800, mvua, ndege imerudi.*
Safu ya kuandika waliofika salama walikotoka
haimo.

Siku hizi Dhanrup humpimia chumvi
macho yakiwa kwenye mizani tu.
Jaukala hulipa, huondoka.
Akifika nyumbani huipima tena.
Haijawahi kupungua, hata chembe.