Barabara Imehama

Walikuja na rangi nyekundu, mwezi wa kuvuna zabibu,
wakaandika namba kwenye ukuta wa choo cha Nazibrola.
Akadhani ni bei.
"Choo changu mnakinunua ghali hivyo?"
Kijana wa kupima ardhi alicheka
mpaka mlima ukamtoka kwenye darubini.

Siku hizo barabara ilikuwa jirani yetu.
Ilipita mlangoni, nyembamba, kona juu ya kona,
na malori ya Uturuki yakipanda kwa gia ya kwanza, yakikohoa.
Hesabu ya kijiji ilikuwa hiyo tu:
mlima huchosha, uchovu huleta njaa,
njaa husimama penye moshi.
Na moshi ulikuwa wake: tanuri la udongo, refu kama kisima,
yeye akiinama kichwa chini, miguu nusu hewani,
akibandika ukutani mikate ya zabibu kavu,
mdalasini, karafuu.
Malaika ya mikono yake yaliungua mwaka Usovieti ulipovunjika.
Hayajarudi.

Kisha baruti. Kila siku saa nne asubuhi
vikombe vikitembea vyenyewe kabatini.
Ukuta wa Zaira ulipasuka toka dirishani hadi msingini;
wakaja, wakaupiga picha ufa, nao wakaupa namba.
Kisima cha akina Otari kilikauka Jumanne moja.
Lakini nisiseme uongo:
miaka ile minne ndiyo tuliyouza kuliko yote.
Wachina wa daraja walikula mikate mia mbili kwa siku.
Nazibrola akajua kuhesabu kwao mpaka kumi,
akaezeka paa jipya kwa pesa ya baruti.

Halafu utepe ukakatwa, na barabara ikahama
kama mpangaji anayedaiwa: usiku mmoja, bila kuaga.
Sasa iko juu yetu, juu ya nguzo,
usawa wa viota vya tai.
Huku chini lami ya zamani inaota nyasi,
ng'ombe wa Zaira analala juu ya mstari mweupe,
na asubuhi ile ya kwanza mikate arobaini
ilipoa mezani mmoja mmoja,
kama watu wanaongoja jina lao liitwe.

Mwanahabari alipanda kutoka mjini, akitaka alaani.
Akaweka kinasa sauti kando ya unga.
Nazibrola akafuta mikono, akatazama juu, akanyamaza sana.
Vazha wake alifia pale, kona ya tatu,
Februari, ndani ya gari la wagonjwa
nyuma ya lori lililokwama kwenye theluji,
kwa saa mbili na nusu, dereva akimwomba radhi.
Na mwezi uliopita mke wa mjukuu
alifikishwa Kutaisi kwa dakika thelathini na tano;
mtoto akalia mbele ya daktari, si mbele ya honi.
"Andika," akasema, "kwamba njia ni nzuri.
Andika pia kwamba sina wa kumuuzia.
Usiweke 'lakini' katikati."

Kituo kipya cha mafuta kinakodisha meza
kwa kodi ya duka la dhahabu.
Zaira kaenda Italia kumwogesha bibi wa watu,
ufa kamwachia ng'ombe.
Nazibrola kabaki. Anaoka mikate kumi na miwili.
Hawashi tena tanuri kwa saa; huwasha kwa upepo.
Ukivuma kutoka magharibi hufunua kifuniko,
na moshi hupanda nguzo hadi juu,
huvuka ukingo wa zege,
huingia ndani ya gari la watu wasiotujua,
mwendo mia na kumi.
Mtoto wa kiti cha nyuma huuliza, "Nini kinanukia?"
Mama hugeuka, hufungua mdomo,
na handaki huwameza.