Vifungo

Tukuyu mvua haibishi hodi.
Inaingia tu, na umeme ukiwepo
tunajifungia kwangu, kwenye fremu ya ushonaji:
vyerehani viwili, kioo kimoja cha wateja,
na televisheni ambayo Ambakisye bado anaidaiwa.

Tamthilia ni ya mwanamke mwenye koti la manjano.
Leo anamzika mwanawe, kesho anampeleka shule.
Nchi gani, hatujui. Mtafsiri naye hutuchekesha
pasipochekesha; jana, katikati ya kilio,
akaropoka: "Jamani, hapa hata mimi nimepotea."

Basi tukagawana kupotea, kila mtu na fani yake.

Ambakisye, fundi redio, anasema tazameni saa,
ile mbovu ya ukutani, isiyotembea.
Ikisoma saa kumi na dakika kumi, ni dunia ya kwanza, mtoto kafa.
Ikisoma saa mbili kasoro dakika kumi, ni ya pili, mtoto yu hai.
Amechora yote kwenye kasha la betri, kwa mishale.
Sekela msusi anamcheka. Saa hudanganya, nywele hazina uongo:
njia ikilala kushoto, huyo ni mama wa msiba,
ikilala kulia, mama wa shule.
Mwambene wa buchani yeye anafuata kovu la shavuni.
Na Tumpe wa darasa la nne, ambaye ametumwa chumvi tangu saa kumi,
anasema ni mapacha, mbona mnajisumbua.

Mimi nashona. Macho yangu huangukia vifungo.
Koti lile, sehemu ya tano, vifungo viko kushoto,
kama vazi la kike linavyotaka.
Sehemu ya sita vimehamia kulia.
Hakuna fundi anayehamisha vifungo
bila kuacha alama ya sindano. Nikasogelea kioo cha televisheni
mpaka wakanizomea. Hakuna alama.

Nikajua. Kuna mtu huko njiani
aliigeuza picha, kama nigeuzavyo kitambaa kilichopauka.
Saa ikajisoma kinyume. Njia ya nywele ikavuka kichwa.
Kovu likahama shavu.
Na mtoto hakufufuka: kijana wa Mwanjelwa anayetujazia flashi
alitanguliza sehemu ya tisa, akachelewesha ya nne,
tukaona kaburi kabla ya shule.
Dunia ni moja. Ilikuwa moja tangu mwanzo.

Nikataka kusema, pini mbili zikiwa mdomoni,
ndipo akasema Subilaga, yeye asiyesemaga.

"Asubuhi ile Gwamaka alinipigia kutoka Chunya.
Akasema, mama, nina homa.
Nikamwambia kunywa dawa, nenda kazini, wenzio wanashuka."
Duara lilivyoporomoka tunalijua wote.
Tulibeba ndizi na kuni msibani, tukalala matangani.
Hilo la simu hatukulijua.
"Kwa hiyo," akasema, akiitazama saa mbovu ya ukutani,
"ipo Jumanne nyingine. Nilimwambia lala."

Mwambene akakohoa. Tumpe akaikumbuka chumvi.
Ambakisye akaligeuza kasha lake taratibu,
akaufuata mshale mmoja kwa kidole chenye risasi ya kulehemu.
"Ipo, mama," akasema. "Ni hii hapa. Saa mbili kasoro."

"Na wewe fundi? Mbona kimya?"

Nikatema pini kiganjani, moja, halafu nyingine.
"Tungoje sehemu inayofuata."

Umeme ukakatika. Wakatawanyika na migomba vichwani,
kila mmoja akibishana na mwenzake gizani.
Subilaga akabaki. Alikuwa ameniletea koti la Gwamaka
nipunguze mabega, alivae yeye, baridi ya Juni si ya kuchezea.
Nikamshikia simu yangu, tochi imewaka.
Akasimama mbele ya kioo, akafunga kuanzia chini,
polepole, kama anayemvalisha mtu mwingine.
Kwake vifungo vilikuwa kulia.
Kule ndani, kushoto.

"Linamkaa," akasema.

Sikuuliza nani.