Aliyependwa na Wote

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri vya Peugeot,
mwaka ambao umeme ulikatika kila Jumatano
na Bwana Rughani akanunua mashine kwa bei ya ekari mbili.

"Hii," akasema, akiipangusa vumbi kwa tai yake,
"inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, Kageha,
na wewe pia."

Mshika mbili, nilitaka kumwambia.
Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia. Nikanyamaza.

Musembi, aliyesomea mambo hayo kwa njia ya posta,
alinifafanulia tukila mandazi juu ya kibodi:
haifanyi mbili. Inafanya moja, kidogo,
kisha inampisha mwenzake, kidogo,
upesi mno hata jicho lisitambue.
Na mmoja akikataa kupisha?
Akaipuliza chai. Basi wote mnangoja.
Askari hakuna.

Na kuta?
Kuta hakuna. Nusu megabaiti, chumba kimoja,
kama tulivyokaa Pangani familia mbili
na shuka katikati.
Shuka halizuii kitu. Kinachozuia ni haya.

Mwisho wa Agosti
mishahara ya kiwanda cha mikate, watu mia mbili na kumi na wawili,
ilikuwa ikijikokotoa upande wa kushoto wa skrini.
Upande wa kulia nilichapa wasifu wa marehemu
mjomba wangu Mudaki, wa kusomwa kesho yake Vihiga:
alizaliwa, alibatizwa, alifanya kazi ya reli,
mstari juu ya mstari, kwani shangazi alitaka kila kitu kitajwe,
hata baiskeli.

Kila herufi humo ndani ina anwani,
kama masanduku pale Posta Kuu,
ila haya hayana milango wala funguo.
Kosa tarakimu moja tu
na barua yako imo mikononi mwa mtu
asiyejua hata kwamba hakuandikiwa yeye.
Programu yangu ilifika mwisho wa nafasi yake
na haikujua kuwa ni mwisho.
Ikaendelea kuandika.

Printa ililia hadi jioni. Hakuna aliyesoma.
Saa kumi na moja skrini ikaganda, kishale kimesimama
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Musembi akazima ukutani,
akahesabu hadi kumi kwa Kikamba, akawasha.
Ndani hamkuwa na mjomba, hamkuwa na mikate.

Jumatatu alipanda ngazi mtu mrefu, unga kwenye nyusi,
Ombogo, nambari mia moja na kumi na nane,
hati ya mshahara kaishika kwa ncha za vidole.
Jina: lake. Siku za kazi: ishirini na sita.
Makato ya kodi: aliyependwa na wote.
Jumla ya malipo: ameacha mjane na baiskeli.

"Nimekuja kuuliza," akasema, bila kucheka,
"marehemu hulipwa dirisha gani?"

Bwana Rughani akamtazama Musembi, Musembi akanitazama mimi,
mimi nikaitazama mashine, nayo
ilikuwa ikifanya kazi zake mbili, salama salimini.
Nikamwandikia hati nyingine kwa mkono,
shilingi kwa shilingi, nikapiga muhuri,
nikanyoosha kiganja nipewe ile mbovu.

Hakuitoa.
"Miaka kumi na minne kwenye tanuri lile," akasema,
"hakuna aliyewahi kuniandikia hivi."
Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.
Ile ya pesa akashuka nayo mkononi, ikipepea.

Kule Vihiga, Jumamosi, nilikuwa nimesoma kwa kichwa,
mashine haikunibakizia hata neno.
Reli niliikumbuka, na ubatizo.
Baiskeli niliisahau, shangazi hajanisamehe mpaka leo.
Na ule mstari mwingine pia niliusahau,
ila huo hakuna aliyeuliza.