Karatasi za Karanga

Kila alasiri, skuli ikitoka,
Bi Mize alikuwa keshakaa baraza ya posta ya Wete,
sinia mapajani, kitabu kikubwa ubavuni,
kitabu kisicho jalada, kilichookolewa
kwenye maktaba iliyovuja.
Alichana ukurasa, akausokota ukawa pembe,
akatia karanga za hamsini, akakunja ncha.
Kusoma hakujua. Kuchana alijua sana:
nusu ukurasa kila pembe, hazidishi, hapunji.

Ndivyo nilivyosoma dunia: nusu nusu,
na chumvi, na madoa ya mafuta.

“Siku moja ya sayari ya Zuhura
ni ndefu kuliko mwaka wake.”
Nikaikimbiza darasani kama mtu aliyeokota pete.
Mwalimu Shaame akanitazama juu ya miwani:
“Umeyatoa wapi haya?”
“Kwenye karanga, mwalimu.”
Walinicheka mpaka kengele.
Miaka mingi baadaye nikaja kuona hesabu yenyewe:
Zuhura hulizunguka jua kwa siku zetu mia mbili ishirini na tano,
na kujizungusha yenyewe mara moja, mia mbili arubaini na tatu.
Kumbe kweli tupu. Nani wa kumwambia?
Mwalimu tulishamzika.

“Kima punju wa Unguja hula makaa,
apate kutuliza sumu ya majani.”
Hili halikumshtua Bi Mize.
“Mie mimba ya Hamadi nilikula udongo wa kichuguu.
Nani alinifunza?”

“Pweza ana mioyo mitatu.
Mmoja husimama kila anapo”

Hapo vidole vyake vilipita.
Anapo nini? Anapolala? Anapoogopa?
Nikarudi mbio kuuliza nusu ya pili.
“Kachukua kuli wa bandarini, keshatupa. Kwani yasemaje?”
Nikamsomea. Akamenya karanga moja, akaila yeye,
jambo ambalo halifanyi.
“Mioyo siijui. Lakini pweza nimemchokoa
tangu sijavunja ungo. Akitambaa mwambani
humpati leo wala kesho. Mtoe aogelee:
kidogo tu, hoi.
Jaza hapo. Anapoogelea.”
Nikajaza kwa penseli.
Nimeshatafuta tangu hapo, vitabuni, kwa wataalamu.
Hakuna aliyemsahihisha.

Halafu ile iliyoninyima usingizi:

“Popo huyu mkubwa, mwenye uso kama wa mbweha,
hapatikani popote ulimwenguni
isipokuwa katika kisiwa cha”

Basi. Kipande kimekwisha.
Niliazima ramani ya skuli, nikailaza sakafuni,
nikataja visiwa kimoja kimoja: Bukini, Java, Ngazija,
vingine vidogo kama kinyesi cha nzi.
Nikakiwazia hicho kisiwa chenye bahati,
watu wake, wanavyotembea wakijua.
Siku ya saba, adhana ya magharibi imekaribia,
juu yetu wakapita wale wale wa kila siku,
wanaotutemea makapi ya shelisheli juu ya bati,
ambao mama huwatupia mawe.

“Umefika visiwa vingapi?” akauliza Bi Mize.
“Thelathini na kimoja.”
Akanyanyua kidevu juu, basi.
“Hawa? Hawa wa kwetu?”
“Mie nimekwenda Unguja, nimekwenda Tanga.
Sikuwaona.”

Kitabu kiliisha mwezi wa Rajabu.
Jani la mwisho hakulichana. Alinipa zima,
bila karanga. Ilikuwa faharasa, sehemu ya tamati:
Yungiyungi, 379. Zebaki, 384. Zuhura, 391.
Kurasa zote hizo zilishaliwa mji mzima,
zikafutiwa mikono, zikapeperuka Mtemani na Jadida.

Nyuma yake palikuwa peupe.
“Hebu andika jina langu nilione.”
Nikaandika, herufi kubwa, kwa uangalifu.
Akaligeuza huku na huku,
akaliweka mbali, akalisogeza puani.

“Fupi hivi?” akasema.
“Na miaka yote hii naliitikia.”